Rilei Ililia "Tik", Pikipiki Ikakataa Kuwaka

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ni baridi. Wengi wenu mnajua kwamba tangu 2022 naishi Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, na kazi yangu ni kuandika programu. Leo programu nitazigusa kidogo tu. Nataka kuwasimulia kuhusu kijisanduku cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, kilichokaribia kutulaza mimi na jirani yangu juu ya barafu.

Kwanza niwaeleze chombo chenyewe. Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuongozea, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kuisukuma. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alianza kuuza Ski-Doo zake mwaka 1959, na leo watu wa huku hutumia pikipiki hizi kama sisi tunavyotumia bodaboda: kwenda kuvua, kuwinda, kuleta kuni. Mimi nilinunua iliyokwisha tumika. Injini yake hupelekewa petroli na pampu ya umeme, na pampu hiyo huwashwa na rilei.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Ndani mna koili ya waya wa shaba. Ukiipa umeme kidogo, koili inageuka sumaku, inavuta kibati kimoja kiguse kingine, kisha umeme mkubwa unapita kwenye vibati hivyo. Kibati kikivutwa ndipo unaposikia "tik".

Sasa hadithi. Jumamosi moja ya Januari 2025, baridi ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri, nilimpeleka jirani yangu kutazama nyavu zake kwenye Ziwa Great Slave. Yeye ni mzee wa Kidene, mzaliwa wa huku, amepita miaka sabini. Tulienda kilomita 11 kutoka nyumbani, na tulienda na pikipiki moja tu. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tukazima injini, tukafanya kazi ya nyavu kwa saa nzima.

Saa nane na nusu mchana nikageuza ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri, lakini injini haikuwaka. Nikajaribu tena na tena, wapi! Simu zetu zote mbili zilikuwa zimezimika kwa baridi. Mwanzoni mwa Januari jua huku huzama kabla ya saa kumi jioni, na upepo ulikuwa umeanza.

Nikafungua boneti. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikageuza ufunguo huku nimeinamisha sikio: tik. Nikamwambia mzee kwa ujasiri wa mtu mwenye digrii, "Rilei ni nzima, nimeisikia. Bila shaka kuna maji yameganda kwenye mpira wa petroli." Nikavua glavu nianze kulegeza klipu za mpira. Zikapita dakika ishirini. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa vyeupe na sikuvisikia tena.

Mzee akanishika mkono, akauingiza ndani ya koti lake. Kisha akauliza, "Kijana, pampu inaimba?"

Haikuwa inaimba. Siku zote ukigeuza ufunguo, pampu hunguruma sekunde mbili tatu kabla hujawasha injini. Mimi nilisikiliza tik peke yake. Mwenye pikipiki wa awali alikuwa amefunga taa ya ziada yenye rilei ya aina ileile. Mzee akaing'oa, akaichomeka mahali pa ile ya pampu. Nikageuza ufunguo. Pampu ikaimba, injini ikawaka. Tulirudi bila taa ya ziada, gizani, tukiwa hai.

Kesho yake nikaipima rilei ile mezani. Miguu 85 na 86 ni ya koili, 30 ndio umeme unakoingia, 87 ndio unakotokea. Niliijaribu mara arobaini, na mara zote arobaini balbu iliwaka. Waandishi wa programu mnaujua ule usemi wetu: "Kwangu inafanya kazi." Nilikuwa karibu kuirudisha kwenye pikipiki.

Nikampigia mjomba, fundi wa umeme wa matatu pale Nakuru, ambaye barafu yake yote ameiona kwenye friji. Akacheka. "Gari likisumbua wakati wa mvua, mimi hulimwagia maji palepale. Wewe unampima mgonjwa aliyekwisha pona. Irudishe kwenye baridi."

Nikaishikilia rilei juu ya mvuke wa sufuria ya chai, nikaitia kwenye friza saa mbili, nikaipima kabla haijapata joto. Tik. Balbu haikuwaka. Nikarudia mara tatu, ikawa vilevile.

Nilipoifungua niliona ufa kwenye kifuniko na madoa ya kutu. Maelezo yake ni haya. Pikipiki ikitembea, theluji inayorushwa na mkanda huyeyuka karibu na injini, na unyevu ukapita kwenye ule ufa. Injini ikizimwa, unyevu huganda juu ya vibati. Koili haikuwa na shida. Kwa kweli shaba ikipoa hupitisha umeme vizuri zaidi, na kwa tofauti ya nyuzi 50 ukinzani wake hupungua kama asilimia 20. Ndiyo maana tik ilikuwa kali. Vibati vilisogeleana, ila katikati palikuwa na utando wa barafu.

Septemba 1947, kwenye tarakilishi ya Mark II pale Harvard, walimkuta nondo kwenye rilei, wakambandika kwenye daftari la kazi. Nilisoma kisa hicho chuoni nikacheka. Mdudu wangu alikuwa wa barafu, na aliyeyuka kabla sijamwona.

Kwa mwenye chombo kama hiki: tumia rilei iliyozibwa isiingize maji, beba ya akiba kwenye mfuko wa ndani ya koti, na usiende mbali na pikipiki moja. Pima umeme kwenye mguu wa 87 wakati pampu inatakiwa kufanya kazi. Tik inakwambia koili imevuta, basi.

Nami Jumatatu nilifungua msimbo wangu wa kutuma SMS. Logi yake ilikuwa ikiandika "imetumwa" mara tu seva ilipoupokea ujumbe, bila kujua kama umefika kwenye simu ya mtu. Nimeirekebisha. Vile vidole viwili bado huniwasha nikishika kitu cha baridi, na kila vikiwasha nasikia mzee akiniuliza kama pampu inaimba.

Haya, tuonane tena. Wiki njema.