Mzee na Risasi Hamsini

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Yuko mzee mmoja, mwenyeji wa Bungoma upande wa Chwele, ambaye wajukuu zake humcheka kwa desturi yake ya kuhesabu kila kitu mara mbili: magunia ya mahindi, fedha za soko, hata vifaranga. Mzee huyo hakasiriki. Husema tu kwamba kuhesabu alifundishwa na baruti.

Katika miaka ya 1950, akiwa kijana, alipata kazi katika shamba moja la mzungu karibu na Kitale. Bwana wa shamba alikuwa mwindaji, naye hakupenda kununua risasi mpya kila mara. Aliyaokota maganda matupu baada ya kupiga, akayajaza tena nyumbani kwa mkono wake. Kijana aliwekwa kumsaidia, kwanza kwa kusafisha maganda, kisha kwa kupima baruti.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na risasi yenyewe iliyo mdomoni. Mtambo wa bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na moshi wenye nguvu huisukuma risasi katika kasiba. Baruti ikizidi, nguvu hiyo huweza kupasua bunduki usoni pa mpigaji. Kwa hiyo hupimwa kwa mizani ndogo yenye kuhesabu punje, na punje 7,000 ndizo zifanyazo ratili moja. Punje mbili tatu ni kitu kidogo mno mkononi, lakini si kidogo ndani ya ganda.

Sheria za chumba kile zilikuwa chache, wala hazikuvunjwa. Tumbaku na taa ya moto havikuingia. Mkebe wa baruti ulikaa mezani mmoja tu, ili aina mbili zisichanganyike. Maana baruti nyeusi ya gobori na baruti ya kisasa isiyo na moshi si ndugu, na mtu ajazaye gobori kwa baruti ya kisasa hujitafutia kifo. Ganda lenye ufa lilitupwa. Kipimo kilitoka katika kitabu, wala hakikuanzia penye kiwango cha juu. Isitoshe, bwana alijua kwamba joto huongeza nguvu ya baruti: risasi iliyo salama katika baridi ya Kitale yaweza kuwa kali mno ikiachwa juani katika nchi ya Turkana.

Jioni moja maganda 50 yalikuwa yamepangwa mezani, na alfajiri yake bwana alikusudia kwenda kuwinda nyati katika Mlima Elgon. Kijana alikuwa akitia baruti alipoitwa kufungulia wageni lango. Aliporudi akaendelea pale alipodhani ameachia, na bwana, kwa haraka ya wageni, akazifunga risasi zote bila kumulika ndani ya maganda kwa tochi kama ilivyokuwa kawaida.

Usiku kijana hakupata usingizi. Je, alikuwa amejaza ganda lile, au la? Alijua kwamba ganda lisilo na baruti si mzaha. Fataki peke yake huisukuma risasi ikakwama katikati ya kasiba. Mwindaji husikia mlio hafifu, na kwa kuwa nyati yuko mbele yake, hutia risasi ya pili na kupiga. Hapo kasiba hupasuka. Lakini alijua pia kwamba akikiri kosa huenda akafukuzwa, na mshahara wake ndio uliolipa karo ya mdogo wake shuleni.

Kabla ya jogoo kuwika alibisha mlangoni. "Bwana, usiende na risasi zile. Sina hakika na kazi yangu." Bwana alighadhibika, akataka kujua kwa nini hakusema mapema. Kisha akaleta mizani, akapima risasi moja moja. Moja ilikuwa nyepesi kuliko wenzake wote. Ilipofunguliwa, ndani haikuwamo hata punje.

Safari iliahirishwa siku moja, na hata zile 49 zilifumuliwa na kujazwa upya. Bwana hakutoa asante. Lakini tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa mizani ila kijana yule, wala hakuitwa tena langoni kazi ikiwa mezani.

Mambo hayo yamepita. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya silaha haimruhusu mtu kuweka bunduki wala risasi pasipo cheti. Hata hivyo fundisho lingali hai. Mkulima apimaye dawa ya kunyunyizia mimea, na karani ajumlishaye fedha za chama, wote huitwa langoni kazi ikiwa nusu. Arudipo, na aanze tena tangu mwanzo. Na akiwa na shaka, aseme kabla hakujapambazuka, kwani aibu ya kukiri ni ya asubuhi moja tu.