Si Kila Kikongwe ni Adimu

Sema tu sokoni Buguruni kwamba una rupia ya Mjerumani, uone. Kabla hujalipia muhogo wako atatokea mtu anayemjua mtu mwenye mteja wa Kizungu na mamilioni yake. Mwingine ataapa kwamba sarafu hiyo ina nguvu za ajabu. Utapeli huo haunishangazi. Kinachonishangaza ni imani iliyoubeba: kwamba kitu kikizeeka huwa adimu, na kikiwa adimu ni mali.

Chukua riali ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na mwaka huo ndio ulioandikwa kwenye sarafu. Wafanyabiashara wa Unguja, Omani na Uhabeshi waliizoea mno, basi ikaendelea kufuliwa bila kubadilishwa tarehe: Vienna, baadaye hata London na Bombay, na Vienna mpaka leo. Uliyo nayo inaweza kuwa changa kuliko wewe. Lakini riali ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, ya 1299 Hijria, yaani 1882, ambayo kwa tarehe ni mdogo wake wa karne nzima, ndiyo wakusanyaji wanayoihangaikia, kwa sababu haikuenea.

Hata rupia za Mjerumani hazilingani kwa uadimu. Rupia moja, ya gramu 11.66 kama ile ya India, ilianza kufuliwa 1890 na ikatolewa kwa miaka mingi. Rupia mbili ilitolewa 1893 na 1894 tu, tena chache. Halafu kuna florini ya Mwingereza ya 1920, ambayo haikumaliza hata miaka miwili kabla shilingi yenye picha ya simba haijaingia. Nusu yake, iliyoandikwa senti hamsini na shilingi moja kwa pamoja, karibu yote ilirudishwa kuyeyushwa. Leo kuiona ni bahati. Kwa maneno mengine, jaribio lililofeli ndilo linalotafutwa kwa tochi, na shilingi ya simba, iliyofanya kazi yake vizuri, imejaa makopo ya bibi zetu.

Lakini idadi iliyotoka kiwandani ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko kwa sonara. Rupia ilikuwa fedha ya takriban asilimia 92, wakati shilingi ya simba, kuanzia 1921 hadi 1946, ilikuwa na robo tu ya fedha. Mwenye kutaka kikuku cha bintiye angeyeyusha ipi? Ubora wa rupia ndio uliouponza uhai wake. Ukiona bangili nzito ya fedha kwenye mkono wa bibi wa pwani, huenda unatazama rupia kadhaa ambazo hakuna daftari litakalozihesabu tena.

Hapo ndipo huwa nakaa na kuwaza. Aliyepeleka rupia yake kwenye moto hakuwa mpumbavu. Alijua zipo nyingine, kwa jirani, dukani, kila mahali. Kila mmoja alijua hivyo, na kwa kujua hivyo wakazimaliza. Nyumba za vyumba sita zenye baraza mbele nazo zinakwenda hivihivi hapa kwetu. Mwenye nyumba anabomoa ajenge fremu za maduka, na simlaumu, maana kodi ya fremu inasomesha watoto. Naye anajua zipo nyingine mtaa wa nyuma. Wazee wanaokumbuka Buguruni ilipokuwa mashamba tunawapita barazani kwa "shikamoo" ya haraka, tukiamini kesho watakuwepo, na wasipokuwepo wao watakuwepo wenzao. Ukiniuliza, uadimu mwingi umezaliwa na fikra hiyo moja, wala si na miaka.

Basi ukiikuta sarafu kwenye kopo la marehemu, nakuomba mambo mawili. Usiisugue kwa majivu na ndimu wala kwa steelwire ili ing'ae, maana wakusanyaji huishusha bei iliyosuguliwa. Na kabla hujampelekea mtu yeyote Kariakoo, muulize mzee aliyebaki nyumbani ilitoka kwa nani na ilikuwa malipo ya kazi gani, uandike kwenye karatasi, uiweke karatasi hiyo ndani ya kopo hilohilo.