Saa, Neno na Mizani: Tafakuri juu ya Mbio za Kuandika

Makala haya yanahusu mchezo. Huenda msomaji akashangaa kuona mchezo ukipewa nafasi katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili ngeli, viambishi na nadharia za uhakiki. Hata hivyo, mchezo ninaokusudia kuueleza unagusa swali ambalo wanaisimu wa lugha za Kibantu wamelijadili kwa miaka mingi, yaani neno ni nini. Tena unaligusa mahali panapouma: mkononi mwa mtu anayetunga kwa Kiswahili huku maneno yake yakihesabiwa.

Yafaa kwanza kueleza asili ya mchezo wenyewe. Katika mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Chris Baty, pamoja na wenzake waliokuwa wakiishi katika eneo la ghuba ya San Francisco, walishindana kuandika riwaya kwa mwezi mmoja. Walikuwa 21 kwa jumla, na mwezi ulikuwa Julai. Mwaka uliofuata shughuli hiyo ilihamishiwa Novemba, na sharti lake likawa maneno 50,000 kwa siku 30, ambayo ni takribani maneno 1,667 kwa siku. Baadaye liliundwa shirika la kuisimamia, na mwaka 2011 shirika hilo likaanzisha tawi jingine la shughuli hiyo, likaliita kambi. Waandishi waligawanywa katika makundi madogo yaliyoitwa vibanda, kwa mfano wa vibanda vya mbao wanamolala watoto wa Marekani wanapopelekwa porini au kando ya ziwa wakati wa likizo ndefu ya kiangazi. Shirika lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga shughuli zake, lakini desturi zake zimebaki kwa wale waliozizoea.

Kambi za watoto zenyewe ni kongwe zaidi. Aghalabu historia yake huanzia mwaka 1861, pale mwalimu Frederick William Gunn wa Connecticut alipowachukua wanafunzi wake kwenda kukaa katika mahema. Katika nyingi za kambi hizo, siku za mwisho huwa na shindano kubwa liitwalo vita vya rangi. Kambi nzima hugawanywa pande mbili, labda Buluu na Nyekundu, na kwa siku kadhaa kila jambo huwa shindano: kuvuta kamba, kupiga makasia, kupokezana vijiti, hata kutandika vitanda. Usiku wa mwisho kila upande huimba nyimbo ulizozitunga kwa siri, na wasimamizi huamua.

Niliposimuliwa habari hii kwa mara ya kwanza sikuona ugeni wowote. Mtu aliyesoma kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni atawakumbuka Marini na Arinoti, waliogawa miji yetu pande mbili kwa sare, vyeo na nyimbo. Na atakayekwenda Usukumani baada ya mavuno atawakuta Bagika na Bagalu wakicheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa mwenzake. Wamarekani wanawapeleka watoto wao porini kwenda kujifunza jambo ambalo bibi zetu walilifanya uwanjani, tena kwa gharama kubwa zaidi kwa kitambaa.

Mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha Kiswahili kwa muda katika mji mmoja wa chuo nchini Marekani. Ilipofika Julai, waandishi wanane tulikubaliana kufanya kibanda chetu ana kwa ana, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, kila jioni kwa wiki mbili. Sita waliandika kwa Kiingereza. Wawili tuliandika kwa Kiswahili: mimi, na mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Pemba, aliyekuwa na riwaya ya wavuvi iliyosimama katika sura ya tatu kwa muda wa miaka miwili. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu aliyewahi kuwa mlezi kambini katika ujana wake, ndiye aliyependekeza vita vya rangi. Tuligawanywa wanne wanne. Sisi wa Kiswahili tulitiwa sote upande wa Buluu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Msimamizi huweka saa mezani na kutangaza muda: dakika kumi, kumi na tano, ishirini, au thelathini. Anaposema anza, kila mtu huandika bila kusimama, bila kufuta, bila kurudi nyuma. Muda ukiisha, kila mtu hutaja idadi ya maneno yake, idadi za upande mmoja hujumlishwa, na upande wenye jumla kubwa hupata alama.

Kuhusu saa, sina ila sifa. Kuna watu wa fani yetu wanaodai kwamba utungaji wa haraka ni utungaji wa ovyo, kwamba fasihi hutaka utulivu. Wasemao hivyo wamsome Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, ambaye katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1883, baada ya kufa kwake, alieleza jinsi alivyokuwa akiweka saa mbele yake kila alfajiri na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. (Wahakiki hawakumsamehe kwa kusema hivyo. Walikuwa wamevipenda vitabu vyake mpaka walipoelezwa namna vilivyotengenezwa.) Aidha, yeyote aliyepata kusikia malumbano ya washairi anajua kwamba ulimi wa Mswahili hauogopi kuharakishwa. Saa humwondolea mwandishi yule mhakiki aliyeketi begani mwake. Kwa mwanafunzi wangu mhakiki huyo alikuwa na sura yangu mimi na ya kamati nzima ya wasimamizi wa tasnifu yake. Katika dakika kumi na tano za jioni ya kwanza alitoka na ukurasa mzima wa sura ya nne. Aliniangalia kama mtu aliyeokota sarafu njiani na hajui mwenyewe ni nani.

Tatizo lilikuwa katika kuhesabu. Buluu tulishindwa jioni ya kwanza, tukashindwa ya pili, tukashindwa ya tatu, na kila mara sisi wawili ndio tuliokuwa mkiani. Wenzetu wa Buluu walikuwa waungwana, hawakusema neno. Lakini jioni ya tatu, tukitembea kurudi nyumbani, mwanafunzi alisema, "Mwalimu, samahani. Hawa wenzetu tunawazamisha. Hivi kweli sisi ni wazito kiasi hiki?"

Nilimwomba anisomee sentensi moja aliyoiandika jioni ile. Akasoma: *Alipowaona hakuwaambia kuwa angewaandikia.* Sentensi hiyo ina maneno manne. Tuliigeuza kwa Kiingereza pale pale njiani, bila kupamba, tukahesabu kwa vidole: maneno kumi na matano. Kiima, njeo, ukanushi, yambwa, rejeshi ya wakati, kauli ya kutendea, vyote ambavyo Mwingereza huvipanga kimoja kimoja kama mtu anayeanika samaki, sisi tunavifunga katika kitenzi kimoja. Hatukuwa wazito hata kidogo. Tulikuwa tukipimiwa kwa pishi isiyo yetu.

Hapa mwanaisimu atanikumbusha kwamba neno linalohesabiwa na mashine ni neno la tahajia tu, herufi zilizo kati ya nafasi mbili, na kwamba nafasi hizo ni maafikiano ya watu. Ni kweli. Mfano ulio bora zaidi uko kusini mwa Afrika. Mzulu akitaka kusema kwamba anawapenda watu fulani huandika *ngiyabathanda*, neno moja. Mtswana huandika *ke a ba rata*, maneno manne. Sarufi za lugha hizi ni za ukoo mmoja, na viambishi hivyo vinafanya kazi ileile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa waliosanifu maandishi, hawa wakaunganisha na wale wakatenga. Waketishe wawili hao katika chumba chetu cha maktaba, mmoja Buluu na mwingine Nyekundu, na Mtswana ataondoka na kikombe bila kusema zaidi ya mwenzake. Kiswahili chetu kilichosanifiwa katika miaka ya 1930 kiko karibu na Mzulu katika vitenzi, lakini kinatenga vihusishi na viunganishi. Kwa hiyo sisi tunapungukiwa zaidi pale penye vitendo, na hatupungukiwi sana pale penye majina.

Tofauti hiyo kati ya vitendo na majina ndiyo kiini cha makala haya, kwa sababu kalamu huijua kabla ya mwenye kalamu. Mwishoni mwa juma la kwanza niliomba kurasa zote za mwanafunzi wangu, nikazisoma kwa mfuatano. Kurasa za siku ya kwanza zilikuwa za Kipemba chake, fupi, zenye vitenzi vinavyosukumana: mtu anaingia, wengine wananyamaza, chombo kinatekwa. Kufikia siku ya sita sentensi kama *Alipofika walinyamaza* ilikuwa imekuwa *Wakati wa kufika kwake watu wale walikuwa katika hali ya ukimya*. Maneno mawili yamezaa kumi na moja. Mtu haji tena, bali kunakuwa na *suala la kuja kwake*. Halii, bali yumo *katika hali ya kilio*. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, wala hakuwa akidanganya. Alikuwa akikimbia tu, na njia iliyo tambarare kwa mkimbiaji wa maneno ni njia ya majina na vihusishi.

Msomaji ameshakitambua Kiswahili hicho. Ndicho cha nyaraka za ofisi, cha hotuba zilizotafsiriwa usiku, na, tusifichane, cha tasnifu nyingi tunazozisahihisha. Kwa muda mrefu tumekilaumu Kiingereza kwa kutuletea mtindo huu. Sikatai. Lakini jioni zile zilinifanya nishuku kwamba kipimo nacho kina lake. Tunamtaka mwanafunzi tasnifu ya maneno kadha wa kadha, idadi ambayo mara nyingi imechukuliwa kama ilivyo kutoka vyuo vya Kiingereza, kisha tunashangaa anapokuja na *ufanyikaji wa uchunguzi* badala ya kuchunguza. Mwenye kulipwa kwa neno atayavunja maneno yake vipande.

Nilipomweleza haya, mwanafunzi alikuja na dawa ambayo ingemfurahisha mshairi yeyote: tuhesabu mizani. Ndicho kipimo cha kwetu, kilichokuwapo kabla ya mashine. Beti ya shairi la mishororo minne yenye mizani kumi na sita ina mizani sitini na nne, ikiwa na maneno kumi au ishirini. Tukairudia sentensi yake. Kwa Kiswahili ilitoa mizani ishirini na moja. Kwa Kiingereza maneno yote kumi na matano yalikuwa ya silabi mojamoja, kwa hiyo kumi na tano. Sasa sisi ndio tuliowashinda wenzetu, tena kwa mbali, na kwa dhuluma ileile iliyogeuzwa upande. Alicheka sana. Nami nilicheka, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeanza kuzipanga hoja za kuitetea mizani mbele ya Wamarekani sita.

Basi kipimo pekee ambacho pande zote mbili zilikuwa nacho kwa usawa kilikuwa saa. Dakika ishirini za Kiswahili ni dakika ishirini za Kiingereza. Tulilipeleka hilo kwa mlezi wetu mstaafu, naye alilipokea kwa urahisi ambao sikuutarajia. Alisema kwamba kambini mwao alama za kuvuta kamba zilisahaulika kabla ya chakula cha jioni, na kwamba alichokikumbuka kutoka ujana wake ni nyimbo za usiku wa mwisho, ambazo hakuna aliyezipima kwa urefu. Waandishi walipoazima vita vya rangi, walichukua saa na daftari la alama, wakauacha wimbo porini. Kuanzia jioni ya nane tuliacha kutaja idadi. Baada ya kila mbio, kila upande uliteua aya moja na kuisoma kwa sauti. Aya zetu tuliwasomea kwa Kiswahili kwanza, kisha tukawapa tafsiri ya haraka; na ni ajabu jinsi watu wasiojua lugha wanavyotambua sentensi inayokwenda na ile inayojikokota.

Sitadai kwamba vitenzi vilirudi vyote. Mazoea ya siku sita hayafutiki kwa tangazo. Lakini sura ya tano ya riwaya ile, iliyoandikwa katika jioni za mwisho, ina dhoruba ya kurasa mbili ambamo sikuona *hali ya* hata moja. Ilipofika Agosti mwandishi wake alikuwa katika sura ya saba. Mwalimu mwenzangu aliyesoma mswada baadaye alilalamika kwamba sura ya nne ina sehemu inayosomeka kama taarifa ya mkutano, akataka kujua ni nini kilichompata mwandishi pale katikati. Mwandishi ameiacha kama ilivyo mpaka sasa, kwa ukaidi ambao nauheshimu.

Niliporudi nyumbani niliuingiza mchezo huu katika semina ya wanafunzi wa uzamili. Tunakutana Jumatano alasiri. Saa inawekwa mezani, dakika ni ishirini, pande ni mbili, na kompyuta zote zimezimiwa kile kisahihishaji cha Kiingereza ambacho hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili na kumfanya mtu ahisi amekosea kabla hajamaliza kufikiri. Hatuhesabu kitu. Kila upande unasomewa aya yake na mtu wa upande wa pili, ili asiipambe kwa sauti, na waliobaki wanaamua kwa kupiga makofi. Jumatano iliyopita Nyekundu walishinda kwa aya ya sentensi tatu. Buluu, waliokuwa wameleta ukurasa mzima, wamekata rufaa, na rufaa hiyo itasikilizwa juma lijalo.