Wanaume wa Mwisho wa Mwezi

Kazi yangu imekuwa kushika pesa za watu kwa dakika moja kisha kuziachilia ziende zake. Niliianza Muthangari, karibu na pale Barabara ya James Gichuru inapokutana na Waiyaki Way, miaka michache baada ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, kuzinduliwa mnamo Machi 2007. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimepakwa rangi ya kijani, dirisha lina nondo. Laini ya uwakala ilikuwa ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa wa kuajiriwa. Kazi yenyewe ni kulinda vitu viwili visikauke: floti, yaani salio la wakala kwenye simu, na noti kwenye droo. Anayeweka hukuachia noti akala floti. Anayetoa hukuachia floti akala noti. Siku ikiwa nzuri hawa wawili hulishana. Ikiwa mbaya, unafunga dirisha na kukimbia benki ukiwa umeshika mkoba kwapani.

Muthangari ina watu wa aina mbili. Kuna wenye nyumba za Lavington, nyuma ya kuta ndefu na mageti ya chuma, jirani na kanisa la St. Austin, misheni iliyoanzishwa na mapadre Wafaransa mwaka 1899. Hao niliwaona wakipita na magari. Halafu kuna wanaowafungulia mageti, wanaowapikia, wanaowafulia na kuwakatia nyasi, ambao jioni huvuka barabara kurudi Kangemi au hushuka kuelekea Kawangware. Hao ndio waliokuwa wateja wangu.

M-Pesa iliponadiwa mara ya kwanza, wito wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Mimi niliuona wito huo ukitekelezwa. Palikuwa na soja wa zamu ya usiku, mtu wa Mumias, mwenye koti refu hata mvua isiponyesha. Mshahara ukiingia alikuja na kikaratasi chenye namba tatu: ya mkewe, ya mama yake, na ya shule. Alianza na shule. Palikuwa na mpishi aliyeweka shilingi mia mbili karibu kila jioni kwa sababu, alivyosema, zikilala mfukoni haziamki. Wapo pia waliotoa pesa badala ya kutuma, wakatokomea kuelekea kwenye baa, na mke akinipigia kuuliza kama baba watoto amepita hapo, nilijibu kwamba siri ya mteja si yangu kuitoa. Ukikaa dirishani miaka, unawajua wanaume wa mji kuliko padre.

Kwa kuwa niliishi kwa kazi hiyo, kifo cha Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, kilinigusa kwa njia ambayo sikuitazamia. Sikuwahi kumpa mkono. Alikuwa mkubwa wa kampuni iliyonilisha, na ofisi zake za Safaricom House ziko kwenye barabara hiyohiyo ya Waiyaki Way, ukishuka kuelekea Westlands. Alizaliwa Guyana mwaka 1958, akalelewa na bibi yake, akahamia Uingereza akiwa kijana wa miaka 16. Alishika usukani wa Safaricom Novemba 2010, akimrithi Michael Joseph, wakati vita vya bei za simu vimepamba moto na wengi wakidhani kampuni itachechemea. Mwaka wake wa kwanza faida ilikuwa takriban shilingi bilioni 13. Mwaka wa mwisho ilipita bilioni 60.

Takwimu hizo sikuzisoma wakati ule. Mimi niliyaona mabadiliko kwa namna nyingine. Julai 2011, njaa ilipokamata Turkana na kaskazini yote, Safaricom, Msalaba Mwekundu na washirika wao walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya, na mtu aliweza kutoa hata shilingi kumi. Masoja walikuja kuweka pesa wachange, watu ambao wenyewe walikuwa wanadaiwa dukani. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, na kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa nyumbani asiyejua mlango wa benki ukoje akaweza kuweka akiba na kukopa kwa simu. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa, iliyokuwa Ujerumani, ikahamishiwa Kenya. Hayo yote yalitokea enzi zake.

Njia ya pesa, hata hivyo, haichagui msafiri. Katika miaka hiyohiyo kamari ya mpira iliingia kwenye simu, na nikaanza kuona mshahara unaowekwa saa nne asubuhi na kwisha kabla ya mechi za jioni. Mikopo ya simu iliwaokoa wengine usiku wa mtoto mgonjwa; wengine iliwafunga kamba, wakawa wanalipa huku ili wakope kule. Sisemi haya kumshtaki marehemu. Nasema kwa sababu niliyekaa dirishani siwezi kusimulia enzi yake kwa sifa tupu.

Mwishoni mwa 2017 tukasikia ameenda Uingereza kutibiwa. Alirudi kazini katikati ya 2018 na kueleza wazi kwenye televisheni kwamba alikuwa na saratani ya damu. Hilo pekee lilizungumzwa sana dirishani. Kwetu mtu mkubwa akiugua huambiwa yuko safarini, na wa kawaida akiugua husema ni malaria. Huyu aliutaja ugonjwa kwa jina.

Alifariki nyumbani kwake Nairobi, Jumatatu tarehe 1 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 61. Siku ya pili mwili wake ulichomwa Kariokor. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Ukitaka kujua jinsi M-Pesa ilivyoingia kwenye damu ya Wakenya, tazama matanga: namba ya mhazini inasambazwa, majina ya waliochanga yanaandikwa, jeneza na basi vinalipiwa, mwili unasafirishwa hadi Kakamega au Siaya, na shughuli inaweza kuchukua majuma mawili. Pesa nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za kuzika. Sasa mwenye mfereji wa michango yote hiyo alikuwa ameondoka kwa siku moja, bila kamati ya mazishi. Soja mmoja alisema ni dharau kwa wafu. Mwingine, aliyekuwa bado analipa deni la mazishi ya baba yake, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Huyo mzee ametuhurumia."

Alhamisi ikawa ibada ya kumbukumbu katika Kanisa Kuu la All Saints. Niliitazama kwenye simu kati ya mteja na mteja. Rais Uhuru Kenyatta alikuwapo. Nilichokumbuka zaidi ni mjane wake, msanii Wambui Kamiru, na kundi la marafiki wa kiume wa marehemu, watu wenye vyeo vyao, waliosimama kusimulia walivyokuwa wakikaa pamoja, kutaniana na kujuliana hali. Wakenya walishangaa kuona wanaume wazima wakitajana kwa upendo bila haya. Tukasikia pia habari za saksafoni aliyoipenda, na za tamasha la jazi alilolianzisha mwaka 2014, ambalo mapato yake yaliwasaidia watoto wa Ghetto Classics kule Korogocho kujifunza muziki.

Waliozungumza pale wote walimwita mtu wa familia. Kuhusu nyumba yake sina ushahidi, na wenye ushahidi walishauleta pale kanisani. Lakini neno hilo lilinifanya niwafikirie wateja wangu. Mkurugenzi akienda kula na watoto wake, tunamsifu kwa kuiacha meza yenye kazi nyingi. Soja wa Mumias aliwaona wanawe Krismasi, basi. Mwaka mzima ubaba wake ulisafiri kwa namba ya simu, shule kwanza. Hakuna aliyemwita mtu wa familia. Aliitwa soja.

Kibanda hakipo tena. Barabara ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, inaishia hapo James Gichuru, na mandhari yote yamebadilika. Siku hizi niko ndani ya duka, na wengi hutuma wenyewe bila kunihitaji. Hunijia kutoa tu, au kupiga gumzo. Tangu Julai ile ya 2019 nimejizoesha jambo moja. Mteja akinionyesha ujumbe kwamba karo imefika shuleni, simwachi aondoke hivihivi. Namwambia, "Baba, umefanya vyema." Wengine hucheka, wengine huona nataka kuwauzia kitu. Naendelea tu kuwaambia, maana wao bado wanasikia.