Mtoto alipolaumiwa kwa kompyuta nzito

Katika duka moja dogo la steshenari karibu na stendi mjini Morogoro, kompyuta ni moja tu. Hiyo ndiyo inayochapa barua, ndiyo inayolipa ada za watoto wawili, na kila msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ndiyo inayozungukwa na vijana walioshika bahasha za vyeti. Mama mwenye duka aliinunua ikiwa ya mtumba, ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka. Miaka mitatu haikumsumbua.

Msimu uliopita ikaanza kuwa nzito. Anabonyeza herufi, inatokea baada ya sekunde kadhaa. Anafungua cheti kilichoskaniwa, taa ndogo ya mbele inawaka bila kupumzika, na ndani unasikika mkwaruzo kama panya kwenye gunia la mahindi. Siku moja foleni ikiwa imefika barazani, skrini iliganda kabisa. Mama akasubiri, akasubiri tena, mwisho akachomoa waya ukutani. Fomu ya binti mmoja aliyetoka Mvomero, iliyojazwa kwa karibu saa nzima, ikapotea. Binti hakulalamika. Mama alimwomba radhi akamwambia, "Ni huyu mwanangu, ameniharibia mashine." Binti akaanza upya, akakosa basi la jioni.

Mshtakiwa alikuwa kijana wa kidato cha tatu, ambaye huachiwa duka Jumamosi na wateja wakipungua hucheza mpira kwenye hiyo hiyo kompyuta. Alipobanwa alikiri jambo moja, na kukiri kwake kukamponza kuliko angekana.

"Mama, mimi niliongeza memori tu."

Kompyuta ilikuwa ikileta ujumbe kwamba memori imekwisha. Kijana akatazama video mtandaoni, akaingia kwenye mipangilio, akakuta sehemu ya diski yenye Windows imejaa, akaipa kompyuta nafasi zaidi kwenye sehemu ya pili iliyokuwa tupu. Ujumbe ukakoma. Akajiona fundi.

Kwa mama huo ulikuwa ushahidi tosha. Akamnyang'anya funguo za duka, na kwa wiki mbili nyumba ile ikabaki na shikamoo na marahaba tu. Akaitwa fundi wa mtaani, akasema ni virusi, akalipwa shilingi 30,000, akafuta kila kitu na kupakia upya. Mashine ikawa nyepesi siku mbili. Siku ya tatu foleni ikarudi, na mkwaruzo ukarudi nayo. Kijana hakuwa ameigusa. Mama aliliona hilo, lakini mzazi aliyekwisha kutoa hukumu hupata kazi kuifuta.

Jumapili hiyo akaja mjomba wa kijana, mdogo wake mama, anayefundisha chuo cha ufundi Dodoma. Kesho yake asubuhi alikwenda dukani, lakini hakufungua mashine. Alimwomba dada yake ahudumie wateja kama kawaida, yeye akasimama nyuma. Foleni ilipokolea, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likatokea jedwali: memori asilimia 95, diski asilimia 100.

"Dada, haya madirisha 31 yaliyo wazi ni ya nani?"

"Ya wateja. Huyu cheti chake, huyu barua, huyu picha ya pasipoti. Wamekwenda kugonga mihuri, watarudi."

Mjomba akaonyesha kaunta. Ina urefu wa mikono miwili. Karatasi unayoifanyia kazi lazima iwe juu ya kaunta, ndipo unapoweza kuisoma na kuandika. Hiyo ndiyo RAM. Nyuma kuna stoo, kubwa mara nyingi zaidi. Hiyo ndiyo diski. Sasa, kompyuta ina tabia moja ya ukarimu: haiambii programu yoyote kwamba kaunta ni ndogo. Kila programu hupewa orodha yake ya anwani, kana kwamba kaunta yote ni yake peke yake. Kaunta ikijaa, Windows huangalia karatasi ambayo haijaguswa kwa muda, huipeleka stoo kwenye faili liitwalo pagefile.sys, na nafasi yake huwekwa ile inayohitajika sasa. Programu ikiinyooshea mkono karatasi iliyoko stoo, husimamishwa kidogo, karatasi huletwa, kisha huendelea bila kujua kwamba kitu chake kilitoka nje. Hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita memori pepe. Na karatasi zenyewe ni ndogo sana, kila moja baiti 4,096, hivyo RAM ya GB 4 ina zaidi ya milioni moja za kuhamishwa huku na huku.

Jambo hili si geni. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iitwayo Atlas, na timu ya Tom Kilburn ilikuwa na shida ile ile ya mama wa Morogoro: memori ya haraka ilikuwa ghali mno. Wakaweka kidogo ya haraka, na mara sita yake kwenye ngoma za sumaku zilizozunguka polepole, kisha wakaifanya mashine yenyewe ihamishe kurasa ili mwandishi wa programu aone memori moja kubwa. Simu na kompyuta za leo bado zinafuata wazo hilo.

"Sasa kama ni ukarimu, mbona inanitesa?" mama akauliza.

Ni umbali wa stoo. Kuchukua kitu kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100. Diski inayozunguka lazima isogeze mkono wake na kungoja sahani ifike mahali panapotakiwa, na hapo huenda takriban milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Kama kunyanyua karatasi kaunta kungekuwa sekunde moja, kwenda stoo kungekuwa zaidi ya siku nzima. Safari chache hazionekani. Lakini madirisha 31 yakidai zamu, kompyuta inatoa karatasi ya huyu ili ilete ya yule, kabla haijamaliza inaitaka tena ile iliyoitoa. Kazi yote inakuwa kutembea. Ule mkwaruzo wa panya ulikuwa mkono wa diski ukikimbia.

Na kijana je? Alikuwa amepanua stoo. Kosa lake lilikuwa kudhani amepanua kaunta. Kasi hakuongeza hata chembe, lakini hakuharibu kitu. Bila nafasi ile, kwenye foleni kama ile programu zingeanza kujifunga zenyewe pamoja na kazi za watu zilizomo.

Mama akanyamaza. Halafu akauliza lile alilokuwa akilizunguka: fomu ya yule binti iliondokaje, ikiwa vitu huwa vinawekwa stoo? Mjomba akaeleza kwamba RAM husahau yote umeme ukikatika, na kilichomo kwenye lile faili hakitumiki tena kompyuta ikiwashwa upya, kwa kuwa orodha ya nini kilikuwa cha nani ilikuwa kwenye RAM.

"Kwa hiyo aliyeipoteza ni aliyechomoa waya."

Mjomba hakujibu. Akajifanya anahesabu wateja.

Mchana walinunua RAM nyingine ya mtumba ya GB 4, kwa bei pungufu ya ile aliyolipwa fundi wa virusi. Aliyeitia ni kijana mwenyewe baada ya shule, waya ukiwa umechomolewa na mjomba akimkumbusha kugusa bati la kasha kwanza ili kutoa umeme tuli wa mwilini. Diski mpya isiyozunguka, ambayo ingesogeza stoo karibu zaidi, itasubiri ada ya Januari ilipwe. Mama naye ana daftari jipya: mteja akienda kugonga muhuri, kazi yake inahifadhiwa, dirisha linafungwa, jina linaandikwa.

Usiku ule funguo za duka zilikuwa mezani kando ya kikombe cha chai cha kijana. "Jumamosi utafungua wewe," mama alisema. "Na unionyeshe ile ya vidole vitatu." Kijana akasema sawa, akaendelea kunywa chai.

Wiki kadhaa baadaye yule binti wa Mvomero alirudi kuchapa barua. Kijana alikuwa kaunta. Binti akamtazama, akamgeukia mama kwa utani: "Ndiye huyu mharibifu wa kompyuta?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Waya nilichomoa mimi."