Mwenye kushika Juu

Simu ni moja, sisi tuko wanne, na mchezo wenyewe ulitengenezwa kwa mtu mmoja. Ndiyo maana hapa Rumonge tukaanza kuuchokonoa sheria.

Mchezo ni 2048. Gabriele Cirulli, kijana wa Italia, aliutengeneza Machi 2014 akiwa na miaka 19, akaachia kodi yake bure, kila anayetaka aibadilishe. Mwezi mmoja tu kabla ulikuwa umetoka Threes!, ambao wenyewe waliuhangaikia zaidi ya mwaka. Kwenye Threes! namba inasogea hatua moja. Kwenye 2048 inateleza mpaka ukutani. Kajambo kadogo, lakini mkono unajua hapo hapo kwamba huu ni mchezo mwingine. Na ukishakuwa kwenye simu hauli bando.

Basi na sisi tukaongeza ketu: kila mtu anashika upande mmoja. Kushoto, kulia, juu, chini. Huruhusiwi kugusa upande wa mwenzako, unamwomba. Jirani yetu Mrundi anapiga kelele "hasi, hasi!", sisi wa kutoka ng'ambo ya ziwa tunajibu "bado, ngoja kwanza!" Tulifika 2048 mara moja, watu wakaja kuangalia.

Lakini aliyeucheza anajua: namba kubwa unaifungia pembeni, chini kabisa, na juu hugusi mpaka ukwame. Ukigusa, ile kubwa inapanda, ka-2 kanaingia chini yake, umekwisha. Kwa hiyo mwenye Juu anakaa tu. Siku moja mwenzetu alishika Juu karibu saa nzima. Akasema: "Karatasi nangoja, chakula nangoja, jina langu kuitwa nangoja. Na hapa tena?" Akaenda zake ufukweni kuangalia mitumbwi ya ndagala.

Tukabadilisha. Kila 128 mpya ikitokea, pande zinazunguka. Tangu hapo tunapoteza sana, yaani 512 ndiyo kawaida yetu, na kuna wanaosema tumeuharibu mchezo. Sisi hatuoni hivyo. Yeye amerudi. Na ninyi wa mashirika, mkija kuhesabu vijana waliohudhuria, muulize pia nani ameshika Juu.

Jana tulifika 1024, simu ikazimika. Sasa tunabishana kama mwenye Juu ndiye awe anaipeleka kuchaji. Kura ni mbili kwa mbili.