Safari Yangu ya Kwanza Sisibo

Wazee wa Uasin Gishu bado huiita Eldoret kwa jina la Sisibo, yaani sitini na nne, nambari ya shamba la mlowezi ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910. Gavana aliubadilisha mji jina mwaka 1912, lakini nambari haikung'oka. Mimi ni mtu wa pwani, nimekulia barazani penye bao lenye mashimo 32 na kete 64, na kwa muda mrefu nilitamani kuuona mji ulioitwa kwa hesabu ya kete zetu.

Njiani kwenda huko, tulipofika Timboroa baridi ilipenya hadi mifupani na abiria wakafunga madirisha. Baada ya Burnt Forest nchi ikatandaa, mashamba pande zote mbili, na ngano ikanikumbusha kisa cha kale cha sataranji ambacho Ibn Khallikan alikiandika katika karne ya 13. Aliyeubuni mchezo alimwomba mfalme punje moja ya nafaka katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, maradufu hivyo hivyo hadi mraba wa 64. Nikatoa daftari nikaandika jumla yake: 18,446,744,073,709,551,615.

Mama mmoja mkulima wa Moiben, aliyeketi kando yangu, alichungulia.

"Hizo ni gunia ngapi, mwanangu?"

Nilikadiria punje 25,000 kwa kilo. "Gunia za kilo tisini, mama, ni zaidi ya trilioni nane."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza dunia nzima huvuna kiasi gani. Ngano yote ya dunia ni kama tani milioni 800 kwa mwaka. Deni la yule mfalme lingelipwa kwa mavuno ya zaidi ya miaka 900. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Hata hivyo, si ukubwa unaonivuta. Ile jumla ya punje hupasuka kwa utaratibu wa ajabu. Kwanza inakuwa 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ya kwanza inapasuka tena kuwa 65,535 mara 65,537. Kisha 65,535 inakuwa 255 mara 257, na 255 inakuwa 15 mara 17, hadi ubaki na 3 na 5. Ile ya pili, 4,294,967,297, ndiyo ngumu. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni nambari tasa, haigawanyiki. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila kubakisha kitu, na jibu ni 6,700,417. Basi mlima wote ule wa nafaka umejengwa kwa nambari tasa saba tu: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417.

Eldoret, ambayo ni jiji tangu Agosti 2024, ilinipokea kwa honi na makanga wakiita abiria. Nikatafuta hoteli karibu na Uganda Road, nikaagiza ugali na mursik, nikalifungua tena daftari. Safari hii niliichukua 64 yenyewe. Nambari zinazoigawa ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Jumla yake ni 127, nayo ni tasa. Zidisha 64 kwa 127 upate 8,128, nambari kamilifu ya nne baada ya 6, 28 na 496: jumlisha nambari zote ndogo kuliko yenyewe zinazoigawa, utapata 8,128 ile ile. Wayunani waliijua tangu zamani. Inayofuata ni 33,550,336.